Maoni Yetu: Kabla ya Kuhesabu Mizani

Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyewahi kufundisha shule ya upili huku Kesses analijua swali hili: "Mwalimu, hii itakuja kwa mtihani?" Akijibu ndiyo, kalamu zinainuka. Akijibu hapana, vichwa vinalala juu ya madawati. Haulizi mtu shairi linamsema nani, wala aliyelitunga alikuwa amekasirishwa na nini. Wanafunzi hatuwalaumu. Wameshika walichofundishwa.

Tazama kipindi chenyewe kinavyokwenda. Shairi la beti tano liko kitabuni, darasa linaambiwa lisome kimya. Bahari? Tarbia. Kwa nini tarbia? Kila ubeti una mishororo minne. Vina vya ndani? Vya nje? Mizani? Kumi na sita, nane ukwapi na nane utao. Uhuru wa mshairi? Inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi; hapo darasa zima huitikia kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Andika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari, alama nne. Kengele. Dakika 40 zimekwisha na hakuna aliyelitamka shairi lile kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, mwalimu akiwemo. Ni kama mgeni aliyekaribishwa maziwa ya mursik, akakigeuzageuza kibuyu, akathibitisha kwamba mkaa uliotumika ni wa senetwet, akakadiria uzito wake, akashukuru, kisha akakirudisha bila kuonja.

Msimamo wetu ni huu: shairi lisikike kwanza. Litamkwe, liimbwe, liigizwe, lijibiwe. Kuhesabu mizani kuje baadaye, tena kwa sikio.

Hatusemi sheria zitupwe. Ugomvi huo ulishapiganwa na wakubwa wetu. Kaluta Amri Abedi alichapisha "Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri" mwaka wa 1954. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa "Kichomi", mashairi yasiyojifunga kwa vina wala mizani, na wanamapokeo wakawaka moto. Leo mashairi ya arudhi na mashairi huru yanatahiniwa bega kwa bega, na waliogombana wengi wao wametangulia mbele ya haki. Ila hebu lisome tena jina la kitabu cha Amri. Sheria za kutunga. Ziliandikwa kumsaidia mtu mwenye jambo la kusema ajue atalipanga vipi. Shule zetu zimezichukua zikazigeuza kuwa sheria za kupasua. Swali la ushairi katika Karatasi ya Tatu ya KCSE, lenye alama 20, humtaka mtahiniwa achambue. Kutunga si shauri lake. Hakuna fundi wa baiskeli aliyefunzwa kwa kutajiwa majina ya spoku miaka minne bila kuruhusiwa kupanda.

Jambo hili linatugusa sisi wa Kesses kuliko wengine, na sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka wa 1981 tume iliyoongozwa na Mkanada Colin Mackay ilipendekeza Kenya iwe na chuo kikuu cha pili. Chuo hicho, Chuo Kikuu cha Moi, kikaanzishwa 1984 na bewa lake kuu likajengwa hapa hapa kwetu, kama kilomita 35 hivi kutoka mjini Eldoret. Tume ile ile ndiyo iliyopendekeza mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, na ni chini ya mfumo huo Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa, msingi hadi sekondari. Ripoti moja ndiyo iliyotuletea chuo mlangoni na ikawaletea watoto wetu ushairi wa lazima.

Ulazima huo sasa unafika ukingoni. KCSE ya mwisho ni ya 2027. Katika mtaala mpya, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya kinabaki somo la lazima sekondari pevu, lakini Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchagua, ndani ya mkondo wa sayansi za jamii. Serikali nayo inalenga asilimia 60 ya wanafunzi wafuate sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kwa miaka 40 fasihi imekuwa kama kantini ya shule ya bweni: mandazi yawe magumu, bei ipande, mwanafunzi atanunua tu, ataenda wapi? Lango limefunguliwa. Sasa ndipo tutakapojua ni nani aliyekuwa akiyapenda mandazi.

Na asituambie mtu kwamba vijana wa siku hizi hawapendi ushairi. Nenda nyuma ya bweni baada ya maandalio ya usiku, kabla taa hazijazimwa, uone mchongoano. Wawili wamesimama, wenzao wamewazunguka. Kwenu ni mbali hadi mbu akitoka huko kuja kuuma watu mjini hulipa nauli. Kicheko. Mwenzake hana nafasi ya kukasirika, akikasirika ameshindwa. Ana sekunde tatu za kuleta kali kuliko hiyo, na waamuzi ni wale wanaocheka. Pale kuna chuku, kuna tashihisi, kuna taswira, kuna mpangilio wa pumzi ambao ukikosewa neno zuri linaharibika. Istilahi hakuna aliyetaja hata moja. Asubuhi watoto wale wale wanaingia darasani kujifunza maana ya majigambo: ni tungo za kujisifu, zilitungwa na mashujaa, zilitolewa hadharani. Zilitungwa, zilitolewa, kama kwamba wenyewe walikufa na mila zao. Kijana aliyemaliza wikendi nzima akijigamba kwa kufoka juu ya mdundo wa kupigwa kwenye ndoo anaandika fasili ile daftarini na haoni uhusiano.

Mwalimu anaweza kumwonyesha uhusiano huo kwa dakika mbili. Miaka ya tisini Kalamashaka walitoka Dandora wakifoka kwa Kiswahili na Sheng kuhusu njaa, polisi na mitaa yao, na nchi nzima ikageuza shingo. Karibu miaka 200 kabla yao, Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa akirusha mashairi ya kuwachokoza watu wa Lamu, nao wakimrudishia. Miji miwili ilikuwa na uhasama wa kweli, wa silaha, na shairi lilikuwa mshale wa kwanza. Muyaka huyo huyo alitunga juu ya mapenzi, juu ya marafiki wasiofaa, juu ya mambo ya kila siku, na ndiyo maana hutajwa kuwa mtu aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Sisi tumeutoa sokoni tukaufungia kabatini kwa idara.

Tena Kesses haianzii sifuri. Nandi, Wakeiyo na Wakipsigis wana tangoch, vitendawili vya jioni, na katika nyumba nyingi za huku bado yuko nyanya anayevijua. Mtoto aliyekua akitegua vitendawili kwa Kikalenjin hahitaji kuelezwa sitiari ni nini. Anahitaji kuambiwa kwamba ile aliyokuwa akiifanya jikoni ndiyo hiyo.

Februari 2024 mwanariadha Kelvin Kiptum alipofariki katika ajali ya barabarani karibu na Kaptagat, akiwa na miaka 24, miezi minne tu baada ya kukimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, hakukuwa na shule eneo hili ambayo wanafunzi wake hawakuwa na la kusema. Mbolezi ni kipera cha fasihi simulizi, kimo katika silabasi. Ni madarasa mangapi yaliyoambiwa wiki ile: fungeni vitabu, tutungeni mbolezi? Sifa za mbolezi, tano, zingejitokeza zenyewe kabla ya mwalimu kuziandika ubaoni.

Tukae kidogo kwa mshairi mmoja, kwa sababu hadithi yake ni ya mtu aliyekuwa karibu rika la wanafunzi hawa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa na miaka 22 alipoandika kijikaratasi cha siasa chenye kichwa "Kenya: Twendapi?" mwaka wa 1968. Alikamatwa, akafungwa miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa peke yake. Gerezani hakupewa karatasi za kuandikia. Aliandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni. Alipotoka, yakachapishwa mwaka wa 1973 kama "Sauti ya Dhiki", na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mwambie hayo kijana wa Kidato cha Tatu kabla hujamtajia neno tarbia. Mwulize: wewe ungeandika nini, ukiwa na karatasi ya chooni na kipande cha kalamu, huku ukijua askari anaweza kuingia wakati wowote? Mwulize kwa nini mtu aliye katika hali hiyo ajisumbue kutafuta vina. Swali hilo la mwisho ni gumu, na darasa likianza kubishana juu yake, kazi ya mwalimu imebaki kidogo sana. Wapo watakaosema vina vilimsaidia kukariri, karatasi ikinyang'anywa shairi libaki kichwani. Wapo watakaosema ni ubishi tu: mmenifunga mwili, lugha yangu nitaipanga nipendavyo.

Katika diwani hiyo limo shairi la majibizano, "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo ndugu wawili wanavutana kuhusu mnazi, kila mmoja na hoja zake. Wasomaji wengi wameuona mnazi ule kuwa nchi. Sasa lilete Kesses. Hapa hakuna minazi, lakini yapo mashamba ya ekari tano ambayo baba ameaga bila kugawa. Mkubwa anataka kuendelea kulima mahindi na ngano. Mdogo anataka kukata ploti karibu na chuo, wajenge hosteli za wanafunzi, wale kodi kila mwezi. Nusu ya darasa ina kesi kama hiyo nyumbani, na nyingine ziko mbele ya chifu. Wape kazi ya kuwapa ndugu hao wawili beti sita kila mmoja, mistari ya mizani 16. Utashangaa jinsi mizani zitakavyohesabiwa kwa vidole chini ya dawati bila mtu kulazimishwa, maana ndugu asiye na pumzi sawa na mwenzake ameshindwa kesi.

Pingamizi moja tunaikubali. Sehemu kubwa ya ushairi wa kimapokeo ilizaliwa ufuoni, na lugha yake ni ya ufuoni. Jahazi, tanga, mrama, maji kujaa na kupwa, maneno ya Kimvita na Kiamu. Mtoto wa Kesses anaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari hiyo. Maji mengi anayoyajua ni ya bwawa letu. Kwake Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili au ya tatu. Akikutana na ubeti wenye maneno manne asiyoyajua, hafungui kamusi, anafunga kitabu. Wapo wanaotaka tuyaondoe mashairi hayo tubaki na ya simu, matatu na TikTok. Hatukubaliani nao. Kumpa kijana kile tu anachokijua ni kumdharau. Bahari afundishwe. Lakini aingizwe kupitia mlango wa kwake: aanze na shairi la kombaini iliyokwama matopeni wakati mvua inatishia ngano, au la foleni ya magunia kwenye bodi ya nafaka, ndipo apewe chombo kinachokwenda mrama. Atakielewa mara moja. Nahodha na mkulima wote wanatazama mawingu.

Riwaya zimeshatuonyesha njia. Ken Walibora, mwana wa Trans Nzoia jirani zetu, katika "Siku Njema" ya 1996 alimtoa Kongowea Mswahili huko Tanga akamleta hadi Kitale kumtafuta babake. Pwani na Bonde la Ufa katika safari moja. Na "Kidagaa Kimemwozea" ilipokuwa kitabu cha kutahiniwa, 2013 hadi 2017, jina la Mtemi Nasaba Bora lilitoka darasani likawa jina la kupanga: kiranja mkali, chifu mlafi, mjomba anayenyemelea shamba la marehemu. Vijana hawakuagizwa kufanya hivyo. Walimwona mtu wanayemjua.

Wanachokikwepa ni mahubiri. Sisi watu wazima tukiombwa kuwatungia vijana, tunawatungia maonyo: dawa za kulevya, mimba, simu, uvivu, tiini wazazi wenu. Beti tano za kukaripia zenye kibwagizo cha kukaripia. Kijana anasikia harufu yake kutoka mstari wa kwanza. Hata Mwana Kupona, ambaye utendi wake wa mwaka wa 1858 ni nasaha tupu kwa bintiye, alizungumza kama mama aliye mgonjwa anayejua hana siku nyingi, si kama naibu wa mwalimu mkuu kwenye gwaride la Ijumaa. Nao utendi huo ni wa kubishana: wape wasichana wa Gredi ya 10 kazi ya kuandika jibu la binti. Mengine watayakubali, mengine watayarudisha kwa heshima, mengine bila heshima. Yote ni fasihi.

Anayedhani sanaa ya watoto wa shule ni jambo dogo akumbuke Aprili 2025. Wasichana wa Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wao wa Kiingereza, "Echoes of War". Mabomu ya machozi yakarushwa nje, ukumbi ukakosa watazamaji, nao wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Wakubwa wa nchi walijua maneno ya wasichana wale yana uzito. Inashangaza kwamba darasani maneno ya fasihi bado yanawasinzisha watu.

Walimu watatujibu, na wana haki, kwamba hakuna mzazi anayekuja mkutanoni kuuliza mtoto wake amefurahia mashairi mangapi. Anauliza alama. Mwalimu mkuu anauliza wastani. Mwalimu mmoja ana madarasa matano na rundo la insha za kusahihisha. Haya ni kweli. Ila tazama maswali yenyewe yanayotahiniwa: nafsineni ni nani, toni ya shairi ni ipi, eleza ubeti huu kwa nathari. Aliyelisema shairi mbele ya wenzake kama ndugu aliyedhulumiwa hahitaji kukariri kwamba toni ni ya uchungu. Aliitoa kooni mwake. Aliyeligeuza kuwa ugomvi wa shamba ameshaandika nathari. Kulisikia shairi ni maandalizi ya mtihani yasiyo na gharama, tena bora kuliko vitini vya marudio ambavyo wazazi hutozwa.

Kwa hivyo tunaomba mambo matatu, yasiyohitaji tenda. Shule za upili za eneo hili zitenge kipindi kimoja kwa wiki cha mashairi ya kutamkwa, kisichotoa alama yoyote. Maktaba zinunue nakala chache za diwani zisizo kwenye orodha ya kutahiniwa. Mwanafunzi akiona mashairi yaliyoandikwa bila maswali chini yake atapata mshtuko wa kumfaa. Na Chuo Kikuu cha Moi, ambacho kina wanaosomea ualimu wa Kiswahili, na ambacho huwatuma nje kwa mazoezi ya kufundisha, kitoke getini. Wanagenzi hao wana miaka 21 au 22, wanaijua misimu ya vijana, na hawajachoka. Washiriki usiku wa malumbano ya mashairi kati ya shule na shule, Jumamosi, mahali pa ile sinema ya kivita ambayo wanafunzi wameshaiona mara sita. Mtaalamu wa bahari za ushairi aliye umbali wa kutembea kwa miguu na hajulikani na shule iliyo ng'ambo ya barabara ana faida gani kwa barabara hiyo?

Mwalimu anayetaka kuanza Jumatatu asingoje waraka wa wizara. Alichukue shairi moja la majibizano, aligawe darasa pande mbili, wa dirishani huku na wa mlangoni kule, amtafute mwenye sauti kubwa kila upande, kisha aiweke chaki mfukoni hadi kengele ilie.